Nimeiongezea Forester yangu nguvu kwa hatua tatu: nitajuaje kwamba sasa inatosha?

Mwenye Forester, Kasarani

Habari zenu wapenzi wa magari. Nina Subaru Forester ya mwaka 2005, ile ya lita 2 yenye turbo na giaboksi ya gia tano za mkono, ambayo ilitoka kiwandani ikiwa na nguvu za farasi 220. Tangu niinunue nimeifanyia kazi kidogo kidogo kadiri mfuko ulivyoruhusu: kwanza nilibadilisha ekzosi kuanzia kwenye turbo hadi nyuma, kisha nikaweka pampu ya petroli yenye uwezo mkubwa zaidi, na mwaka jana fundi akabadilisha programu ya kompyuta ya injini ili presha ya turbo ipande. Tulipoipandisha kwenye mashine ya kupimia nguvu, ilisoma 272.

Sasa fundi huyo ananishauri tuweke turbo kubwa na nozeli kubwa za petroli tufike 350, na fedha ninazo, ingawa nimeziweka akiba kwa muda mrefu na sina nyingine za kuzifuata. Kinachonisumbua ni kwamba kila hatua ilinipa furaha ya mwezi mmoja hivi, halafu mwili ukazoea. Mara ya kwanza, nikitoka Muthaiga kushika Thika Road, nilihisi mgongo ukibanwa kwenye kiti. Leo nguvu ni nyingi kuliko siku ile na sihisi chochote. Naogopa kwamba hata 350 nitaizoea, nami nitakuwa nimemaliza akiba yote.

Gari hili ndilo linalonipeleka kazini Upper Hill siku tano kwa wiki, ndilo linalotupeleka Nyeri mimi na mke wangu na watoto wawili kila mwisho wa mwezi, na mara mbili au tatu kwa mwaka naliingiza kwenye uwanja wa mbio wa Whistling Morans kule Athi River. Je, ninyi mliotangulia mlitumia kipimo gani kujua kwamba nguvu imetosha, au jambo hili ni hisia ya mtu binafsi tu?

Fundi wa Kirinyaga Road

Ndugu yangu, kabla hatujajadili kama 272 inatosha, ni vyema tuhakikishe kwamba hiyo 272 ipo.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa tunayopumua hapa ina presha ya takriban baa 0.83, wakati Mombasa ni kama baa 1.01. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu nyingi kwa sababu hiyo, ndiyo maana mashine nyingi za kupimia huwekewa hesabu ya kusahihisha inayozidisha tokeo ili lifanane na la mahali palipo usawa wa bahari. Hesabu hiyo inaistahiki injini ya kawaida. Lakini injini ya turbo hujisukumia hewa yenyewe na haipotezi kiasi hicho, hivyo ukiizidishia tokeo kwa hesabu ile ile, unaweza kuambiwa una nguvu zaidi ya ulizonazo kwa kiasi kinachokaribia sehemu moja ya tano. Rudi kwa aliyekupimia umwombe karatasi ya tokeo ambalo halijasahihishwa. Hiyo ndiyo namba ya gari lako, na ndiyo utakayoilinganisha na ya kesho, mradi mashine iwe ile ile.

Jambo la pili linatokana na hilo la kwanza. Geji yako ikisoma baa 1 hapa, maana yake turbo imeongeza baa 1 juu ya 0.83, na kwa hiyo injini inapokea 1.83 kwa jumla, wakati gari la aina hiyo likiwa Mombasa na geji ikisoma vilevile linapokea 2.01. Ili upate hapa kile mwenzako anachokipata Mombasa, turbo yako inabidi iibane hewa karibu mara 2.4 badala ya mara 2, hivyo izunguke kwa kasi zaidi na iichemshe hewa zaidi. Hewa ikiwa moto, petroli hulipuka kabla ya wakati wake. Ikumbukwe pia kwamba injini hizi zilipangiwa petroli ya Japani ya okteni 100, na ile tunayojaza sisi vituoni haifiki hapo. Na ukilirekebisha gari hapa mpaka ukingoni, halafu ukashuka nalo pwani likakutana na hewa nzito, ule ukingo unaweza kuuvuka bila kugusa chochote.

Juu ya meza yangu ipo pistoni ya injini kama yako. Ukiitazama kutoka juu utadhani ni nzima, ila ukiigeuza kuelekea dirishani utaona ufa mwembamba kama unywele kati ya ringi ya kwanza na ya pili, na karibu na ufa huo kipande chenye ukubwa wa ukucha wa mtoto kimeng'oka. Mwenye gari hakusikia mlio wowote. Aliona moshi mwepesi asubuhi, akaambiwa ni sili za valvu, akaendelea kuendesha. Pistoni za injini hii ni za kumimina, si za kufuliwa, na haziuvumilii ule mlipuko wa mapema hata kidogo. Tena giaboksi ya gia tano inajulikana na mafundi wote wa Subaru: meno yake hukatika ukiipa msokoto (nguvu ya kuzungusha) mwingi kwa ghafla, hasa mtu akizoea kuondoka kwa kuachia klachi.

Kwa hiyo mimi nguvu naipima hivi. Liendeshe gari saa tisa alasiri ya siku ya jua, ukae nalo kwenye foleni nusu saa, kisha barabara ikifunguka kanyaga gia ya tatu mpaka mwisho, huku kifaa cha kusomea kompyuta kimeunganishwa. Intakula ya Forester, yaani kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, imelala juu ya injini chini ya boneti, na kwenye foleni hakuna upepo unaoingia kwenye lile tundu, hivyo huwa imechemka. Ikiwa katika hali hiyo kompyuta hairudishi moto nyuma, yaani haicheleweshi cheche, kwa sababu ya mlipuko wa mapema, mchanganyiko wa hewa na petroli unabaki karibu 11 kwa 1, na joto la maji na la oili halipandi, basi nguvu uliyo nayo gari linaiweza. Likishindwa jaribio hilo, tayari umepita kiasi, hata kama mguu wako bado una njaa.

Dada wa Athi River

Nakubaliana na Fundi, ila naomba niliseme suala hili kwa upande wa uwanjani, kwa kuwa ndugu ametaja Whistling Morans.

Nilikuwa na Impreza ya turbo na nilipita njia hiyo hiyo. Nilipoongeza nguvu, muda wangu wa kuzunguka uwanja ulipungua kwa chini ya sekunde moja, nikasikitika sana kwa jinsi nilivyokuwa nimetumia fedha. Nilipobadilisha pedi za breki, nikamwaga mafuta yote ya breki ya zamani na kuweka mapya ya kiwango cha juu, na kununua tairi nne mpya zinazolingana, muda ulipungua kwa sekunde tatu na zaidi. Kabla ya hapo, kwenye mzunguko wa nne au wa tano hivi, nilifika mwisho wa sehemu iliyonyooka, nikakanyaga breki, na pedali ikazama laini kama ninakanyaga sifongo. Mafuta yalikuwa yamechemka. Niliipampu mara mbili ndipo ikashika, na nilipoingia maegesho harufu ya pedi ilikuwa kali hata mtu aliyesimama mbali aliigeukia. Tangu siku ile sikuongeza chochote kwenye injini kabla sijauliza kama breki zitaibeba.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza huongezeka kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo gari linalosimama kutoka kilomita 140 kwa saa huzipa breki kazi inayokaribia kuwa maradufu ya lile linalosimama kutoka 100, ingawa mwendo haukuongezeka hata kwa nusu.

Kisha nikukumbushe jambo ambalo wapenzi wengi wa Subaru hapa nchini hulisahau. Dereva wa mbio Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 kwa Impreza ambayo, kama magari yote ya daraja lake, ilifungwa kizuizi cha hewa chenye upana wa milimita 34 mbele ya turbo, na kwa sababu hiyo injini yake ilikuwa na nguvu za farasi takriban 300 tu. Gari lile lilipita kwenye mawe, matope na vumbi la nchi yetu hii likashinda. Ubora wake ulikuwa katika msokoto uliopatikana mapema kwenye mizunguko ya chini ya injini, katika shokamzoba, na katika dereva. Sisemi kwamba mtu asitamani 350. Nasema kwamba anayedai 300 ni kidogo kwa barabara za Kenya anapaswa kueleza ni barabara ipi.

Nakuomba ufanye jambo moja. Kile kifaa cha kusomea kompyuta kiache kwenye gari kwa wiki mbili kirekodi pedali ya petroli, halafu ujumlishe ni muda gani umeikanyaga mpaka mwisho.

Mzee wa Naivasha Road

Mimi nilifika 400 na sijutii, kwa sababu gari lile lilikuwa la pili na nilikuwa na jingine la kwenda kazini. Ila nitakwambia kile ambacho hakuna aliyeniambia. Turbo kubwa haikuamka mpaka injini ifike mizunguko 4,000 kwa dakika. Mjini nilikuwa mzito kuliko nilivyokuwa na turbo ya kiwandani, na nikiwa nyuma ya lori kwenye barabara ya Mai Mahiu, nafasi ya kupita ilikuwa imefungika kabla nguvu haijafika, na ilipofika ilikuja yote kwa pamoja, mahali ambapo sikuihitaji tena. Mwanangu, wewe unabeba watoto kwenda Nyeri. Nguvu ya kukupitisha lori ni ile inayokuja kwenye mizunguko 2,500, na hiyo unayo sasa hivi.

Baba Wawili, Syokimau

Kwa ufupi: ijulishe kampuni yako ya bima kwa maandishi kuhusu kila ulichobadilisha, na ukibadilisha injini nzima uhakikishe namba mpya imeandikishwa NTSA, mamlaka ya usalama barabarani. Mimi sikufanya hivyo. Gari langu lilipogongwa, mkaguzi alifungua boneti, akapiga picha, na baada ya wiki sita nikapokea barua ya kukataliwa. Hasara yote niliibeba mwenyewe, na mpaka leo inaniuma kwa sababu ajali haikusababishwa na nguvu ya gari wala na mwendo wangu.

Mwenye Forester, Kasarani

Nawashukuru nyote kwa moyo. Imenichukua wiki tatu kurudi kwa sababu nilitaka nije na majibu.

Karatasi ya tokeo lisilosahihishwa niliipata. Inasoma 231. Nakiri kwamba nilikaa kwenye gari kwa muda nikiitazama namba hiyo, kwa kuwa mwaka mzima nimekuwa nikijiita mwenye 272, na gari langu halikupungua hata kidogo wakati nikiisoma.

Dada, wiki mbili za kurekodi zimekwisha, ikiwemo safari moja ya Nyeri. Pedali niliikanyaga mpaka mwisho kwa dakika 1 na sekunde 50 kwa jumla, na zaidi ya nusu ya muda huo ilikuwa kwenye kupita malori baada ya Sagana. Kati ya nyumbani na Upper Hill kulikuwa na siku nne ambazo sikuikanyaga hata mara moja. Sehemu ndefu zaidi ya kukanyaga bila kuachia ilikuwa sekunde 6, nikiingia Thika Road, na niliachia kwa sababu nilikuwa tayari nimefika kilomita 110 kwa saa.

Jaribio la Fundi nililifanya Jumatano, baada ya foleni ya Pangani. Gari lilishindwa. Hewa iliyokuwa ikiingia kwenye injini ilikuwa na joto la nyuzi 64, na kompyuta ikarudisha moto nyuma mara tatu katika mkanyago mmoja. Kumbe nguvu niliyokuwa nikiona haitoshi, gari lenyewe lilikuwa tayari limeshindwa kuibeba kwenye joto, na hakuna aliyeniambia kwa sababu sikuuliza.

Turbo kubwa nimeiacha. Presha tumeishusha kidogo, rejeta imetolewa na kusafishwa, intakula imepata mpira mpya wa kuiziba na tundu la boneti ili upepo usipotee pembeni, na kwa kuwa sampu ya oili ilikuwa imefunguliwa, Fundi alinishauri nibadilishe mrija wa kufyonzea oili, ambao kwa hakika ulikuwa umeanza kupasuka kwenye maungio. Pedi na mafuta ya breki vinafungwa Jumamosi, na barua ya bima imekwenda. Bado nimebakiwa na zaidi ya nusu ya akiba.

Swali moja limebaki kwa Dada: tairi zangu zina alama ya mwaka 2018 na kashata (meno ya tairi) bado ni nene. Je, nizipeleke Athi River mwezi ujao, au nizibadilishe kwanza?

Dada wa Athi River

Zibadilishe kwanza. Mpira wa miaka mingi huwa mgumu hata kama kashata ipo, na hautashika kwenye kona. Ukizifunga, ziendeshe polepole kwa kilomita 200 za mwanzo, kisha uje.