Jumamosi Pendle, nani anakuja?

Dada Neema 18:02
Jamani nauliza toka juzi!! Jumamosi tunaenda Pendle hapo Lancashire, msitu wa Aitken juu ya kijiji cha Barley, wameweka masanamu kwenye miti ya habari za wale wachawi wa 1612, kuna mpaka popo wa chuma, kuingia bure. Nataka idadi LEO

Dada Neema 18:40
Naona tiki za bluu tu

Anko Deo 18:51
Wachawi nimewakimbia nyumbani na nyungo zao leo niwafate kwa petroli yangu 😂

Frank 18:52
ungo unapaki wapi huko

Dada Neema 18:55
Anko mi niko siriasi. Na ni kilima, msije na ndala kama Blackpool

Shangazi Rehema 19:10
Maadam mmeitaja Blackpool, paundi 20 yangu ya mafuta iko wapi

Anko Deo 19:11
Dada ile siku si ilinyesha

Shangazi Rehema 19:11
Mvua ndo ilijaza tenki?

Dada Neema 19:20
Tusitoke kwenye mada pliiz. Kuna katoto ka miaka 9, Jennet, walikasimamisha juu ya meza mahakamani kakamtaja mama yake na kaka yake, bibi yao Demdike kashafia jela kabla ya kesi, watu 10 wakanyongwa Lancaster. Masanamu yamewekwa 2012, miaka 400 kamili

Anko Deo 19:24
Frank angepewa hiyo meza ukoo ungeisha 😂😂

Bibi Shinyanga 20:15
Kulwa ananiandikia. Nawasikia mnavyocheka. Hao walikuwa bibi za watu. Macho yakiwa mekundu ni moshi wa kupikia mavi ya ng'ombe, na mimi ninayo hayo macho. Deo, wewe unajua tulihama usiku kwa sababu gani. Nendeni, ila mkifika muwataje majina.

Anko Deo 20:52
Shikamoo mama. Nimesikia

Dada Neema 20:58
Shikamoo bibi 🙏🏾

Shangazi Rehema 21:30
Mi nakuja. Deo ntakaa na wewe gari moja, tuna maongezi

Dada Neema 21:33
Kwa hiyo Anko unaendesha? Anko?

Frank 23:47
bibi nimeyatafuta, wanaume wapo wawili, James na John. wengine Elizabeth, Alizon, Anne wawili, Alice, Katherine, Jane, Isabel. niyaprinti?

Dada Neema 23:49
Printi. Gari bado ni moja