MJADALA: Sponji za ukutani zinatuliza sauti kweli, ama tunauziwa mapambo?

Kaka wa Bombo:
Jamani, wa Kampala, wa Arua, na nyinyi wa Mbarara mnaosoma kimya kimya, leo tuongee hii kitu. Siku hizi kila mtu akifungua studio chumba cha nyuma, iwe ya gospo au podikasti, kitu cha kwanza ni sponji nyeusi za piramidi, anabandika ukuta mzima mpaka mlangoni, anapiga picha, anasema sasa chumba kimekuwa cha kitaalamu. Mimi nasema nusu ya ile hela imeenda bure. Sauti hewani inakimbia kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo besi ya hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, wimbi lake lina urefu wa karibu mita 3.4, na ili ulishike vizuri unataka unene unaokaribia robo ya hapo, sentimita 85 hivi. Sasa wewe umebandika sentimita 5! Hiyo inaanza kushika kuanzia hezi 500, 600 kwenda juu, na ile nyembamba ya sentimita 2.5 ni mpaka ufike 1000 na zaidi. Matokeo yake unaua sauti za juu peke yake, besi inabaki inavuma kwenye kona vilevile, chumba kinakuwa kizito kama mtu anaongea ndani ya blanketi. Afadhali ungeacha ukuta mtupu. Nani anapinga?

Nyabo wa Matangazo:
Napinga mimi. Kaka, wewe unaongea kama kila mtu anapiga besi gita. Mimi nasoma matangazo ya redio, Kiswahili na Luganda, chumba changu kina taili chini na ukuta wa simenti, ukipiga kofi moja unasikia trrrrr inarudi. Ile trrrr iko juu, huko huko ambako sponji inashika. Herufi kama s, t, k zinakaa kwenye hezi elfu kadhaa, ndizo zinafanya msikilizaji aelewe bei ya sukari ni ngapi. Nilibandika nyuma ya maiki na pembeni, basi, na kazi ikasikika safi. Nani alikwambia nilitaka kukamata besi?

Fundi Ndeeba:
Banange mnagombana na hamjatenganisha mambo mawili. Kuna kutuliza sauti ndani ya chumba, na kuna kuzuia sauti isiingie wala isitoke. Wateja wangu wengi wanataka la pili, ati kafunda ya jirani, ile baa ndogo ya mtaani, isisikike, ati mvua ikipiga mabati niendelee kurekodi, halafu wananunua dawa ya la kwanza. Chukua ile sponji uweke mdomoni upulize. Pumzi imepita? Basi na sauti inapita. Kinachozuia ni uzito na kuziba, ukizidisha uzito wa ukuta mara mbili unapata kama desibeli 6 tu, ndiyo maana ni gharama. Na nyumba zetu zina yale matundu ya hewa juu ya dirisha. Unabandika ukuta wote na tundu liko wazi, sauti inakuja pale pale kama kawaida. Mvua kwenye mabati ndiyo usiniulize kabisa, pale unaning'iniza dari ya jipsamu tabaka mbili na pamba ya madini katikati, na hata hivyo ikinyesha ile ya Aprili unapumzika unakunywa chai.

Mikisa wa Kanisa:
Fundi amesema vizuri. Lakini swali la kichwa cha mjadala, "zinatuliza kweli", mbona lilijibiwa zamani. Mwaka 1895 pale Harvard, Marekani, kulikuwa na ukumbi wa mihadhara ambao neno moja lilikuwa linaelea sekunde 5 na zaidi, wanafunzi hawaelewi kitu. Wakampa kijana wa fizikia, Wallace Sabine. Akawa anafanya kazi usiku mji ukiwa umetulia, anabeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, anaipanga, anapiga filimbi ya kinanda, anapima mwangwi unakufa baada ya muda gani. Mito ikiongezeka, muda unapungua. Kutokana na hapo akapata hesabu inayotumika hadi leo, na ndiyo ilisaidia kujenga Symphony Hall ya Boston iliyofunguliwa 1900. Mito ya viti, ssebo! Kwetu kanisani ni hivyo hivyo, Jumamosi kwenye mazoezi ukumbi unalia, Jumapili watu wakijaa unatulia wenyewe, manake nguo na miili inameza sauti.

Ila trei za mayai ambazo wengine wanabandika ukutani badala ya sponji, hapana. Ni karatasi nyepesi, zinavuruga kidogo sauti za juu na kukusanya vumbi na mende.

Msikilizaji wa Ntinda:
Na vile vibakuli vidogo vya shaba wanauza mtandaoni kwa dola, ukubwa wa kizibo cha soda, unabandika ukutani muziki "unafunguka"? Bosi wangu anavyo na anaapa anasikia tofauti.

Mikisa wa Kanisa:
Wazo lenyewe ni la kale, Vitruvius wa Roma aliandika habari za vyombo vya shaba kwenye majumba ya michezo, na Helmholtz wa Ujerumani alieleza jinsi chupa inavyoitikia noti moja. Ni kweli, ila chombo kinaitikia kulingana na ukubwa wake. Cha kukamata besi ni sanduku la kukaa mtu, kizibo hakifiki huko. Mwambie bosi atoke nje, wewe uvitoe ama uviache, arudi aseme vipo ama havipo, mrudie mara nyingi. Ama apime na REW, programu ya kompyuta ya kupima sauti ya chumba, ni ya bure.

Fundi Ndeeba:
Kitu ambacho hakuna mtu amesema ni moto. Sponji ya godoro inawaka haraka na moshi wake ni sumu. Mwaka 2003 klabu moja ya Rhode Island, Marekani, ilishika moto kwa fataki za jukwaani zilizogusa sponji za ukutani, wakafa watu 100. Brazil 2013, klabu ya Kiss, wakafa 242, ni sponji na fataki tena. Sasa studio zetu na zile waya za kuungaunga...

Mimi nafunga pamba ya madini, ile wanayovalisha boila viwandani, sentimita 10, kwenye fremu ya mbao, navalisha kitambaa, naiacha mbali na ukuta sentimita 10 nyingine. Pamba hiyo haiwaki, na inashika sauti za chini zaidi kuliko sponji. Naanza na kona.

Nyabo wa Matangazo:
Na ukifunga matundu ya hewa nitapumuaje humo ndani mchana?

Fundi Ndeeba:
Unajenga njia ya hewa yenye kona mbili tatu, ndani umevalisha pamba. Hewa inapinda, sauti inachoka. Ni kazi, na inakula nafasi, sidanganyi.

Nyabo wa Matangazo:
Kumbe. Fremu za kona nitafikiria. Lakini sponji zangu sitoi.

Kaka wa Bombo:
Toa basi zile zilizo juu ya soketi.