Naomba ushauri: kufundisha mtindo wa funksheni kwa waandishi wa programu za seva

Ndugu wanachama, habari za wakati huu. Nimepewa jukumu la kuongoza kikao cha muda wa saa 2 katika mkutano wetu wa waandishi wa programu, mada ikiwa ni mtindo wa funksheni (kujenga programu kwa funksheni zinazopokea thamani na kurudisha thamani mpya bila kubadilisha kitu kingine) katika mifumo ya seva, na wengi watakaohudhuria wanatumia lugha za Java na Python kila siku.

Mwezi uliopita niliijaribu mada hiyohiyo kwa kikundi kidogo nikitumia Haskell, lugha iliyojengwa juu ya mtindo huo, nikaanza na monadi, yaani muundo wa kuunganisha hatua za programu, zikiwemo zenye athari za nje kama kuandika data. Baada ya dakika 20 hivi nyuso zilikuwa zimeshaniaga. Kosa lilikuwa langu. Safari hii nimeandaa mfano wa Elixir, lugha inayoendeshwa juu ya mashine pepe (programu inayoendesha programu nyingine) ya lugha ya Erlang, ambapo kila akaunti ni mchakato, yaani kijiprogramu kinachojitegemea, wenye salio lake, hivyo maombi 2 ya kutoa fedha yakifika kwa pamoja yanapanga foleni badala ya kufutana. Hesabu yenyewe ni funksheni safi: inapokea salio na kiasi, inarudisha salio jipya au kosa, bila kugusa hifadhidata. Mfano huu naupenda, ila nahofia kwamba sintaksia ngeni, yaani kanuni za uandishi wa lugha hiyo, itawachosha kabla wazo halijaingia.

Kwa mliowahi kufundisha, je, ni afadhali niandike funksheni hiyo kwanza kwa Python kisha nihamie Elixir, au nibaki na lugha moja? Pili, uandishi kwenye hifadhidata, ambao nataka ukae pembezoni mwa mfumo, niuelezeje bila kurudi kwenye monadi?

Natanguliza shukrani.