Tupeane uzoefu: Jibu la chemsha bongo uliloliapia, kumbe sivyo

Wakuu, kila mmoja atoe lake: swali gani la maarifa ya jumla ulilijibu kwa uhakika kabisa, ukakosa, na tangu siku hiyo jibu sahihi halijakutoka kichwani? Usilete swali tupu. Eleza ulijibu nini, kwa nini uliamini hivyo, na ulipofuatilia ulikuta nini.

Naanza mimi. Tulikuwa tunaulizana maswali nyumbani, zamu ikamfikia shangazi. Akauliza: "Kile kito kikubwa chekundu kilicho mbele kwenye taji la kifalme la Uingereza ni kito gani?" Hajamaliza, nimeshajibu: yakuti. Hata jina lake la siku zote ni yakuti ya Black Prince. Shangazi akasema hapana, ni spineli. Nilimbishia mpaka watu wakaenda kulala.

Kesho yake nikasoma, nikamkuta shangazi yuko sawa. Spineli na yakuti mara nyingi hupatikana kwenye changarawe zilezile, na zote mbili hupata wekundu wake kutokana na kromiamu, kwa hiyo kwa karne nyingi jicho halikuweza kuzitenganisha. Mpaka mwaka 1783 ndipo spineli ikatambuliwa kuwa madini ya peke yake. Lakini kilichonishika hasa ni upande wa pili wa habari. Mawe mawili mekundu yanayofanana hivyo hayana udugu, ilhali jekundu na la buluu ni madini yaleyale! Yakuti nyekundu na yakuti samawi zote ni korundumu. Ikiingia kromiamu kidogo inakuwa nyekundu. Ikiingia chuma na titaniamu inakuwa ya buluu. Na Kiswahili kilishaziita zote yakuti. Neno hilo nimelitamka tangu utotoni bila kulisikiliza.

Haya, karibuni.

Msoma Usiku:
Mkuu, umenikumbusha swali lililonifanya niipende historia. Tuliulizwa: "Ni maktaba gani ya kale ambayo moto uliisaidia kudumu?" Nikadhani muuliza swali amekosea kusoma. Moto na maktaba! Nikaandika Alexandria, kwa sababu ndiyo maktaba pekee ya kale niliyoijua, na habari yake kwangu ilikuwa moto tu.

Jibu lilikuwa maktaba ya Ashurbanipal, mfalme wa Ashuru, kule Ninawi, kwenye Iraq ya leo. Mji ule ulitekwa na kuchomwa mwaka 612 KK, lakini vitabu vyake vilikuwa vibao vya udongo. Karatasi inaungua, udongo unaokwa, unakuwa mgumu kama chungu. Wachimbuzi walivifikia katikati ya karne ya 19, na leo Jumba la Makumbusho la Uingereza lina vibao na vipande zaidi ya 30,000. Mwaka 1872 George Smith, msomi wa maandishi hayo, alikuwa anasoma kimoja akakuta habari ya gharika, ndani ya utenzi wa kale wa shujaa Gilgamesh. Fikiria mtu anakichoma chumba ili kila kitu kipotee, kumbe anakihifadhia maneno yake kwa miaka 2,500. Nikilisimulia hili mpaka leo mwili unanisisimka.

Hesabu Kwanza:
Langu fupi. "Vita ya Miaka Mia ilipiganwa miaka mingapi?" Nikasema mia. Ilianza 1337, ikaisha 1453. Toa mwenyewe: 116. Tangu hapo swali likionekana rahisi mno nalisoma mara mbili.

Pazia Jekundu:
Mimi langu bado linaniuma, maana naamini sikukosa. Shindano lilikuwa kwa Kiswahili, swali likasema: "Taja mwigizaji wa kwanza mweusi kushinda Oscar." Nikaandika Hattie McDaniel. Karatasi ya majibu ikasema Sidney Poitier, alama ikaenda upande wa pili.

Ukweli ni huu. McDaniel alishinda kama mwigizaji msaidizi wa kike, akakabidhiwa tuzo Februari 1940. Poitier alishinda kama mwigizaji bora wa kiume mwaka 1964, miaka 24 baadaye. Neno "mwigizaji" kwetu halibagui mwanamke na mwanamume. Kama mtunga swali alimtaka Poitier, ilibidi aseme "mwanamume", tena aseme "mwigizaji mkuu". Na mama yule usiku wa ushindi wake alikaliswa meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake, kwa sababu hoteli ilikuwa ya weupe tu. Alisogezwa pembeni pale ukumbini, halafu nasi tumsogeze tena kwenye karatasi ya majibu? Watunga maswali, tafadhalini sana, pimeni kila neno.

Msoma Usiku:
Pazia, alama ile ni yako. Hoja haina mjadala.

Brashi:
Mimi huchora, kwa hiyo hili liliniingia sana. Swali: "Mwizi wa Mona Lisa aliikunjaje picha mwaka 1911?" Nikaeleza kwa kirefu jinsi turubai linavyotolewa kwenye fremu na kuviringishwa. Maelezo yote ya nini, wakati ile picha haiko kwenye turubai! Imechorwa juu ya ubao wa mti wa mpopla, sentimita 77 kwa 53. Haikunjiki. Vincenzo Peruggia, aliyewahi kufanya kazi ndani ya Louvre, jumba la makumbusho lenye picha hiyo, alitoka nayo ikiwa ubao hivyo hivyo, akakaa nayo chumbani kwake Paris zaidi ya miaka miwili, mpaka alipokamatwa Florence Desemba 1913 akitaka kuiuza. Siku hizi nikitazama picha yoyote, kwanza nauliza imechorwa juu ya nini.

Chaza:
Nirudi kwenye vito. Niliulizwa nitaje vito vitatu ambavyo si mawe. Nilipata lulu tu, ya tumboni mwa chaza. Kaharabu ni utomvu wa miti ulioganda kwa mamilioni ya miaka, na marijani ni mifupa ya viumbe wa baharini. Mwanzisha uzi, mpelekee shangazi na hili: zumaridi na akwamarini zina uhusiano gani?

Mwanzisha uzi:
Nimempelekea sasa hivi. Kajibu bila kuinua macho: "Zote ni berili. Lete lingine."