Mandarini tamu za wavu: naweza kuotesha za kwangu hapa Lubumbashi?

Papa_Junior_Kalebuka

Jambo kwenu wote. Tangu mwezi wa tano mandarini za Afrika ya Kusini zimejaa tena hapa mjini, zile za kwenye wavu, ganda linang'aa na linatoka kwa vidole bila kisu. Nyumbani watoto hawataki tena tunda lingine. Lakini bei! Kwa pesa ya wavu mmoja napata ndoo ya machungwa ya kawaida pale soko la Kenya, hapahapa mjini. Tena kuna wiki unanunua wavu uleule, alama ileile, ukifungua unakuta vipande vimekauka, havina maji wala ladha.

Sasa mdogo wangu anayekaa California amenitumia picha ya mandarini wanayoiita Sumo. Ni kubwa, ganda lina makunyanzi, juu ina kishingo kimetokeza. Anasema tangu aanze kuila hajataka nyingine. Nikajiuliza: kwa nini nisipande za kwangu?

Nina parseli (kiwanja) Kalebuka, udongo mwekundu, kisima kipo, na pembeni kuna kichuguu kikubwa cha mchwa ambacho hatujakibomoa. Naomba kujua: (1) mbegu chache ninazozipata ndani ya hizo za wavu, nikizipanda nitapata mandarini ileile? (2) Hiyo Sumo inaweza kupatikana huku? (3) Dukani nichague vipi ili nisirudi na zilizokauka? Kuna kijana anauza miche barabarani, anasema yote imebebeshwa, yaani imeunganishwa juu ya shina la mti mwingine. Simjui.

Yav_Katuba

Papa Junior, panda mbegu tu. Nyumbani kwa marehemu babu kuna mandarini iliyotokana na mbegu na inazaa mpaka matawi yanagusa chini. Ni tamu pia. Ila ina miiba sana, na tulingoja miaka mingi, mimi nilikuwa bado shule ya msingi ilipopandwa.

Mama_wa_Kafubu

Papa Junior, jambo. Mimi ninaotesha miche ya michungwa, milimau na mandarini upande wa Kafubu, na swali lako ninaulizwa kila kiangazi. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu linaniuma kuona watu wanapoteza miaka sita, saba, kwa mti ambao haukuwa na nafasi tangu siku ya kwanza.

Mbegu kwanza. Yav hasemi uongo. Zipo mandarini ambazo mbegu yake huzaa mti unaofanana na mama, kwa sababu ndani ya mbegu moja kuna viini kadhaa, na vingi vinatoka kwa mama peke yake bila chavua. Ponkan na satsuma ni za namna hiyo. Klementini siyo: mbegu yake ina kiini kimoja tu, kilichochanganya baba na mama, kwa hiyo kila mche ni mtoto mwingine na huwezi kujua atakuwaje. Na hata mbegu ikiwa nzuri, mti wa mbegu unapitia utoto mrefu wa miiba na majani. Uliobebeshwa unaanza kuzaa mwaka wa tatu hivi. Sasa hizo za wavu zenye ganda linalong'aa, nyingi zinazofika huku Julai na Agosti ni aina ya Nadorcott, iliyopatikana Moroko kutoka kwenye mbegu ya mandarini nyingine, Murcott. Afrika ya Kusini huuzwa pia kwa jina la ClemenGold. Haina mbegu ikiwa nyuki hawakuiletea chavua ya michungwa mingine, ndiyo maana wakulima wengine huifunika miti kwa nyavu wakati wa maua. Hizo mbegu chache unazoziona ni kazi ya nyuki. Na ile aina inalindwa na haki za aliyeivumbua, huwezi kununua vikonyo vyake (vijiti vya kubebeshea) hivihivi.

Sumo. Jina lake la kilimo ni Shiranui. Ilizalishwa Japani mwaka 1972, kituo cha Kuchinotsu mkoani Nagasaki, kwa kuchanganya Kiyomi na Ponkan. Wajapani huiuza kama Dekopon, na tunda haliruhusiwi kubeba jina hilo mpaka sukari ifike 13 kwa kipimo cha Brix na ukali usizidi asilimia 1. Korea Kusini, kisiwani Jeju, inaitwa Hallabong. Marekani ilianza kuuzwa kwa jina la Sumo mwaka 2011, na msimu wake kule ni Januari hadi Aprili. Mimi sijaiona Lubumbashi, wala sikushauri umwambie mdogo wako alete kijiti kwenye sanduku, hilo nitalirudia. Lakini kuna jambo moja la hiyo Sumo ambalo ningependa kila mtu hapa alijue: ikishachumwa hawaipeleki sokoni siku hiyo. Wanailaza ghalani wiki kadhaa ukali upungue. Maana ulimi wako haupimi sukari peke yake, unapima sukari dhidi ya ukali. Mandarini yenye sukari nyingi na ukali mwingi utaiita chachu, na isiyo na ukali kabisa utaiita maji.

Ndiyo maana mimi naamini utamu wa mandarini unaanzia chini ya ardhi, kabla ya kuuliza jina la aina. Watu wanagombania jina la juu, hakuna anayeuliza shina la chini ni la nini. Huku kwetu miche mingi inabebeshwa juu ya mlimau wa ganda la makunyanzi, kwa sababu mbegu zake ni rahisi, unakua haraka na unavumilia ukame. Ni kweli unavumilia. Lakini unanywa maji mengi na kuyasukuma ndani ya tunda, na mandarini inatoka kubwa, ganda nene, ndani ladha imezimuliwa. Tena juu ya mlimau tunda likikaa mtini muda mrefu kidogo linakauka vipande. Kikonyo kilekile ukikiweka juu ya Carrizo au Troyer (aina mbili za shina la chini), sukari inapanda na unaionja mwenyewe bila chombo. Mdanzi (mchungwa mchungu) ulikuwa shina zuri zamani za wazee, lakini virusi vya tristeza vinavyobebwa na vidukari weusi vinauua mti wa juu yake. Nani akikuuzia juu ya mdanzi, kataa.

Na Lubumbashi tuna bahati ambayo hatuisemi. Kiangazi chetu cha Mei hadi Septemba ni kikavu na usiku wa Juni na Julai ni baridi, unashuka chini ya nyuzi 10. Baridi ile ndiyo inayoligeuza ganda kuwa la rangi ya machungwa, na ukavu pamoja na baridi ndivyo vinavyouambia mti utoe maua mvua zikikaribia. Kwa hiyo tunda letu linakomaa wakati hakuna mvua ya kuliharibu.

Dukani: usiangalie rangi. Rangi inaweza kuletwa kwa gesi ya etilini ghalani huku ndani haijabadilika. Chukua mbili za ukubwa mmoja, moja kila mkono, ile nzito ndiyo yako. Tazama kikonyo juu: kikiwa kibichi au cha kijani kilichofifia, haijakaa sana, kikiwa cheusi na kimeanguka, acha. Ganda lililoachana na nyama mpaka unasikia upepo ndani, kwa mandarini za kawaida ni dalili ya kuzeeka (Sumo na satsuma ganda lao ni legevu kwa asili). Na usinunue mbichi ukidhani itaivia nyumbani, mandarini haiongezi sukari ikishachumwa. Wavu unaficha, omba kuzishika zote kupitia matundu yake, hata muuzaji akinuna.

Nguba_Bukavu

Mama wa Kafubu, asante sana, nimejifunza. Huku Bukavu mambo ni tofauti kidogo. Mvua inatuacha Juni hadi Agosti tu, na usiku wetu hauna baridi kali kama yenu kwa sababu ya ziwa. Mandarini zetu zinaiva zikiwa bado za kijani, na wateja wanazikataa wakidhani ni mbichi wakati ndani ni asali. Shida yangu kubwa ni madoa: matunda machanga yanapata mabaka meusi ya duara yenye ukingo wa njano, majani yanadondoka, na mwisho tunda linaanguka. Ni nini?

Mama_wa_Kafubu

Ndugu wa Nguba, kwa unavyoeleza ni ule ugonjwa wa kuvu wa madoa, ulioandikwa mara ya kwanza Angola na Msumbiji mwaka 1952. Unapenda hasa milima yenye ubaridi na unyevu, yaani kwenu. Okota kila tunda na jani lililoanguka ulifukie au ulichome, usiliache chini ya mti. Punguza matawi ya katikati upepo upite. Dawa za shaba zinasaidia zikipigwa mapema, tunda likiwa dogo, kabla madoa hayajaonekana. Ukingoja uyaone umechelewa kwa msimu huo. Na wateja wako wape kipande waonje, hakuna njia nyingine.

Papa_Junior_Kalebuka

Mama, Mungu akubariki. Nimekwenda kwa yule kijana wa barabarani asubuhi hii. Miche yake ni mizuri, majani mapana, mirefu mpaka kiunoni. Nitajuaje kama imebebeshwa kweli, na juu ya nini? Na kile kichuguu nikibomoe nichanganye udongo wake? Jirani anasema mboga zake zinapendeza sana juu ya udongo wa mchwa.

Mama_wa_Kafubu

Papa Junior, inama. Usiangalie majani ya juu. Pitisha kidole kwenye shina kuanzia ardhini kwenda juu. Kwenye kiganja kimoja hivi utakuta kifundo: shina linapinda kidogo, linaruka pembeni halafu linanyooka tena. Hapo ndipo shina la chini lilikatwa na kikonyo kikachukua nafasi. Chini ya kifundo na juu yake ganda havifanani, rangi ni mbili na mistari ni miwili. Kama shina ni laini moja kwa moja kutoka udongoni mpaka ncha, na lina miiba mirefu, huo ni wa mbegu hata akiapa. Sasa tafuta chipukizi lolote linalotoka chini ya kifundo. Likiwa na jani lenye vijani vitatu kwenye kikonyo kimoja, shina ni Carrizo au Troyer. Likiwa jani moja pana linalonukia limau ukilisugua, ni mlimau. Kisha geuza mfuko uangalie mizizi: mzizi mkuu ukiwa umejizungusha chini kama chemchemi ya kitanda, mti huo utadumaa. Na urefu wa kiunoni usikuvutie, mimi nauza ya chini ya goti yenye shina nene.

Angalia pia majani yenyewe. Yakiwa na vishimo vingi upande wa chini na vinundu upande wa juu, kuna yule mdudu mdogo anayeeneza ugonjwa wa grininga. Tawi moja la mti linakuwa njano, matunda yanapinda upande, yanabaki ya kijani chini na ni machungu. Haina tiba, mti unang'olewa. Ugonjwa huu unapenda nyanda za juu zenye ubaridi, na sisi tuko humo. Hiyo ndiyo sababu nimekuambia mdogo wako asibebe kijiti. Afrika ya Kusini wana shamba maalumu la vikonyo vilivyopimwa huko Kariega (zamani Uitenhage), na hata hivyo vikivuka mpaka vinahitaji karatasi ya afya ya mimea. Kijiti kwenye sanduku hakina mtu aliyekipima.

Kichuguu: usichanganye kwa shimo la mandarini ya Carrizo. Udongo wa vichuguu vyetu vikubwa una chokaa nyingi, ndiyo maana mboga za jirani zinapendeza kwa udongo wetu mwekundu wenye asidi. Carrizo haivumilii chokaa. Majani machanga yatakuwa ya njano na mishipa ya kijani, kwa sababu mti unashindwa kuchukua chuma. Koleo moja kwenye ndoo kadhaa za udongo mwekundu na mbolea iliyooza inatosha, si zaidi. Ukitaka kupanda juu ya kichuguu chenyewe, hapo ndipo mlimau unafaa, panda ndimu na malimau. Wenzetu wa upande wa Penga Penga, kule moshi wa kuyeyusha shaba uliangukia udongo miaka mingi, wapime udongo kwanza kabla ya kupanda tunda lolote. Pale UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), Kasapa, kuna kitivo cha agronomia, waulize.

Shimo chimba sasa hivi kiangazi, sentimita 60 kila upande, liache lipumue, upande mvua zikishika Novemba. Kifundo kibaki juu ya ardhi. Ukikifukia, kikonyo kitatoa mizizi yake na faida ya shina la chini imekwisha. Majani makavu ya kufunika yasiguse shina, mchwa watapitia humo. Kiangazi kinachofuata mwagilia kila wiki, maji mengi kwa mara moja, na wiki za mwisho kabla ya kuchuma punguza, sukari itapanda.

Kuhusu aina, kwa Kalebuka ningeanza na satsuma na Ponkan. Satsuma karibu haina mbegu, inatangulia kuiva, watoto watakula mwezi wa tano. Ponkan inafuata, na ni mzazi wa ile Sumo ya kwenye picha. Murcott ni tamu sana lakini inajibebesha kupita nguvu zake. Mwaka wa mazao mengi ikiachwa bila kupunguzwa inaweza kukauka na matunda yake juu. Hata hizo mbili za kwanza, maua ya mwaka wa kwanza yatoe yote, na mwaka wa pili acha machache tu. Watoto watalalamika. Yatoe.