Naomba ushauri: kukusanya historia ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu, Dar es Salaam

Habari zenu wakuu. Nataka kuandika kijitabu kuhusu Kanisa la Mtakatifu Yosefu, lile la Kivukoni linalotazama bandari, kabla wazee wetu hawajatutoka. Upande wa wamisionari ninao: Wajerumani walilijenga kati ya 1897 na 1902, Askofu Kasiani Spiss akauawa 1905 wakati wa Maji Maji, kisha watawa Wakapuchini wa Uswisi wakapokea kijiti kutoka kwa Wabenediktini, shirika la hao wamisionari Wajerumani.

Kinachoniumiza ni mafundi wetu kutotajwa. Nani alipandisha kuta zile? Nani alipachika vioo vya rangi nyuma ya altare? Kwangu hao ndio kiini cha kijitabu.

Nianzie kwenye vitabu vya ubatizo na ndoa vya parokia, au nifunge safari hadi abasia za Wabenediktini za Ndanda na Peramiho? Barua ya ruhusa naiandika kwa paroko au moja kwa moja jimboni? Aliyewahi kusomewa hati za Kijerumani zenye mwandiko wa zamani, alimpata wapi msomaji? Halafu wazee, niwarekodi kwa simu? Wengine wakiiona tu wananyamaza.