Maadili ya Kibuddha: hakuna Mungu anayeamuru, hakuna nafsi ya kudumu. Kosa linapimwaje?

Msomi_wa_Jioni

Wakuu, salaam.

Naandaa mada ya maadili kwa kikundi cha kujisomea falsafa, na nimekwama kwenye Ubuddha. Aristotle namwelewa: fadhila hujengwa kwa mazoea. Kant naye na wajibu wake, sawa. Kwa Wabuddha nakuta kanuni tano (kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo, kutotumia vileo), halafu naambiwa hakuna Mungu aliyeziamuru na hakuna nafsi ya kudumu ya kuhukumiwa.

Maswali yangu: mtu akiua bila kujua, kavunja kanuni? Na akipuliza dawa ya mbu kwa makusudi ili watoto wasipate malaria? Pili, kama nafsi haipo, lawama anabeba nani? Tatu, kuna zoezi lolote la kujenga hizo fadhila, au ni mahubiri tu ya "tuwe na huruma"?

Naomba majibu yenye nyama, zile nukuu za kwenye picha za mtandaoni ninazo za kutosha.

---

Kanuni_Tano

Mkuu, nitajibu la kwanza kwa upande wa Theravada, Ubuddha wa Sri Lanka, Myanmar na Thailand, kwa sababu wafafanuzi wao wa kale walilichambua swali hili kama mahakimu.

Kanuni hazikuwekwa kwa sura ya amri. Anayezipokea hutamka mwenyewe kwamba anajitwalia zoezi la kujizuia kuua, kisha kuiba, mpaka ya tano. Akiteleza hana wa kumwomba msamaha mbinguni. Analikiri kosa, anaipokea tena kanuni, anaendelea. Ndiyo maana watu huzitamka upya kila waendapo hekaluni.

Ili kuua kuhesabike kuua, masharti matano yatimie: kuwe na kiumbe hai, mtendaji ajue ni kiumbe hai, awe na nia ya kuua, afanye juhudi, iwe kwa mkono wake au kwa kumtuma mwingine, na kiumbe kife kutokana na juhudi hiyo. Ukimkanyaga siafu gizani, la pili na la tatu hayapo. Ukimrushia nyoka jiwe ukamkosa, la tano halipo, ila ile nia imeshazaa kitu kibaya moyoni mwako, na hilo halipotei kwa sababu tu jiwe lilipita pembeni.

Ufafanuzi wa aya ya kwanza ya Dhammapada, mkusanyiko wa aya za mafundisho ya Buddha, una kisa cha mtawa kipofu, Cakkhupala, aliyekuwa akitembea huku na huku baada ya mvua, akakanyaga wadudu wengi wakafa. Watawa wengine wakaenda kumshtaki. Buddha akawauliza: mlimwona akiwaua? Hapana. Basi naye hakuwaona wadudu kama ninyi msivyomwona yeye. Shauri likafungwa hapo.

Uongo nao una masharti manne: jambo lisiwe kweli, kuwe na nia ya kudanganya, juhudi ya kulifikisha, na msikilizaji alielewe. Aliyetaja tarehe isiyo sahihi kwa kusahau hajasema uongo.

Uzito hutofautiana. Kwa wanyama hutazamwa ukubwa wa kiumbe, kwa kuwa kikubwa hudai juhudi kubwa. Kwa binadamu hutazamwa wema wa aliyeuawa. Na kote hutazamwa ukali wa nia. Sheria ya watawa inazionyesha hizi ngazi waziwazi: mtawa akiua binadamu kwa makusudi, utawa wake umekwisha papo hapo na harudi tena maisha yake yote. Akiua mnyama kwa makusudi, anaungama kwa mtawa mwenzake na maisha yanaendelea.

Sasa mbu. Masharti yote matano yapo: unajua wako hai, dawa ndiyo juhudi, na nia ni wafe. Kanuni imevunjika, kwa uzito mdogo. Kusema "nia yangu ilikuwa kulinda watoto" hakuondoi hilo. Pale zipo nia mbili, ya kulinda na ya kuua, na kila moja ina matunda yake.

---

Bandarini

Wasomaji wa pwani wakisikia hayo wataikumbuka mara moja ile hadithi ya Mtume kwamba amali hutegemea nia. Zinafanana kwa juu juu. Katika Uislamu anayeijua nia na kuilipa ni Mwenyezi Mungu. Buddha alikwenda njia nyingine: alisema nia *ndiyo* karma, yaani tendo lenye kuzaa matunda kwa mtendaji. Mtu hunuia, ndipo anatenda kwa mwili, kwa kauli au kwa fikra, na hakuna hakimu katikati. Alibishana na Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya India, juu ya hili hili. Wao walishikilia kuwa tendo la mwili ndilo lenye lawama kubwa kuliko yote. Yeye akasema la akilini.

Kuhusu mbu, mkuu Kanuni_Tano yuko sahihi kimaandishi, lakini swali lenyewe limebanwa mno, kana kwamba mtu ana mawili tu, kupuliza au watoto waugue. Kanuni inakutaka kwanza umalize njia zisizoua: wavu wa madirishani, chandarua, kufukia madimbwi *kabla* mbu hawajataga (wakishataga, viluwiluwi navyo ni viumbe hai). Na chandarua chenye dawa kisihesabiwe njia isiyoua. Kinaua, ndiyo kazi yake.

Tukitazama nchi halisi, Sri Lanka, Wabuddha ni takriban asilimia 70 ya watu. Mlipuko wa malaria wa 1934 na 1935 uliua watu wapatao 80,000. Tangu miaka ya 1940 walipulizia nyumba DDT, dawa ya kuua wadudu, na mwaka 1963 wagonjwa waliosajiliwa walikuwa 17 tu nchi nzima. Wakalegea, ugonjwa ukarudi kwa kishindo mwishoni mwa muongo huo. Shirika la Afya Duniani liliitangaza nchi isiyo na malaria mwaka 2016. Kanuni ya kwanza haikusimamisha upulizaji. Mwenye nyumba anapuliza akijua anachofanya, bila kufurahia na bila kukiita jina lingine.

---

Embe_Bivu

Mimi nachukua la pili.

Mfalme Milinda, yule Menander Mgiriki aliyetawala kaskazini-magharibi mwa India karne ya 2 K.K., anasimuliwa kuwa alimuuliza mtawa Nagasena swali lako hilo hilo. Nagasena akamtolea mfano wa mwizi wa maembe. Kakamatwa, kapelekwa mbele ya mfalme, anajitetea: "Maembe aliyoyapanda huyu bwana ni mengine, niliyoyachuma mimi ni mengine. Sina kosa." Mfalme akakubali kuwa huyo lazima aadhibiwe, kwa sababu maembe ya pili yametokana na ya kwanza.

Hoja ni mwendelezo. Kinachokanushwa ni kiini kisichobadilika. Mlolongo wa sababu na matokeo unabaki palepale. Wengi wakisikia "hakuna nafsi" hukimbilia kusema basi hakuna mwenye deni. Buddha aliyataja maoni hayo ya kuwa kila kitu hukatika kifoni kuwa ni kosa, sawa na kosa la upande wa pili la kudai kuna kitu ndani yetu kisichobadilika milele.

Mfano wa Angulimala unafaa kwa kikundi chako. Alikuwa muuaji wa watu wengi, akawa mtawa, akafika kilele cha safari ya kiroho. Hata hivyo alipokwenda kuomba chakula mjini, watu walimrushia mabonge ya udongo, fimbo na vigae. Akarudi kichwa kinavuja damu, bakuli limevunjika, joho limechanika. Buddha akamwambia avumilie, hayo ni matunda ya aliyoyatenda. Mtu amebadilika kabisa na matokeo bado yamemfuata. Fundisho hili pia linamnyang'anya mtu kisingizio cha "mimi ndivyo nilivyo, nina hasira tangu kuzaliwa".

---

Msomi_wa_Jioni

Shukrani wakuu, nimepata zaidi ya nilichoomba. La tatu bado. Na niongeze: uongo wa kumficha mtu anayetafutwa na wauaji je?

---

Kanuni_Tano

Mazoezi yapo mengi, nitaeleza mawili.

La kwanza Buddha alimfundisha Rahula, mwanawe, aliyekuwa bado mtoto. Alibakiza maji kidogo kwenye kata, akamwonyesha: hivi ndivyo utawa unavyokuwa mdogo kwa asiyeona haya kusema uongo akijua. Akayamwaga. Akaipindua kata. Akaiinua, akamwonyesha ilivyo tupu. Kisha akamuuliza kioo kina kazi gani. Kujitazama, akajibu mtoto. Basi na tendo litazamwe hivyo, mara tatu: kabla, wakati linatendeka, na baada. Swali ni lile lile kila mara: je, hili linanidhuru mimi, au mwingine, au sote wawili? Ukiona madhara kabla, usifanye. Ukiyaona katikati, acha hapo hapo. Ukiyaona baada, na tendo lilikuwa la mwili au la kauli, liseme kwa mwalimu au kwa mwenzako mwenye busara. Kama lilikuwa la fikra tu, lionee haya na ujizuie siku zijazo. Wengi hukosea kwa kufanya hatua ya tatu peke yake, usiku kitandani, ikageuka majuto matupu. Hatua ya katikati ndiyo ngumu na ndiyo inayobadilisha tabia, kwa sababu unajifunza kuikata sentensi ikiwa bado mdomoni.

La pili ni kukuza mapenzi mema. Buddhaghosa, aliyeandika Sri Lanka karne ya 5, ametoa utaratibu mkali kuhusu uanze kumtakia mema nani. Unaanza na wewe mwenyewe: niwe na furaha, nisiwe na uadui. Halafu mtu unayemheshimu, mfano mwalimu. Halafu rafiki wa moyoni. Halafu mtu usiyempenda wala kumchukia, tuseme konda wa daladala unayemwona kila siku. Adui anakuja mwisho. Huhami mpaka moyo umelainika kwa huyu uliye naye.

Mpangilio ukivurugwa, zoezi huharibika. Ukimtanguliza adui, hasira huamka. Ukimtanguliza kipenzi, unachoka na kusononeka kila likimpata jambo dogo. Ukimchagua unayemtamani, tamaa huvaa kanzu ya upendo: Buddhaghosa anamtaja bwana mmoja aliyeanza na mkewe, akakesha usiku kucha akipambana na ukuta. Marehemu pia hafai. Mtawa mmoja alimweka mwalimu wake na zoezi likakataa kabisa, kumbe mwalimu alikuwa ameshafariki.

Ukifika kwa adui hasira ikapanda, rudi kwa wale wa mwanzo, kisha ujaribu tena. Ikigoma, umchambue: unazikasirikia nywele zake, kucha, au mifupa? Ikigoma kabisa, mpe zawadi, au upokee yake. Hili la mwisho naliona ndilo lenye akili kuliko yote, maana mkono unautangulia moyo.

Kila fadhila ina adui wa mbali na adui wa karibu, na wa karibu ndiye hatari kwa kuwa anafanana nayo. Mapenzi mema: wa mbali chuki, wa karibu tamaa. Huruma: wa mbali ukatili, wa karibu huzuni inayokulemaza ukashindwa hata kusaidia. Utulivu wa moyo: wa karibu ni ubaridi wa mtu asiyejali, kwa sababu hajui wala hataki kujua.

---

Bandarini

Kwenye uongo wa kuokoa, Wabuddha wenyewe hawako kitu kimoja. Theravada wamekaza: nyaraka zao zinasema Buddha mtarajiwa, katika maisha yake ya awali, aliwahi kuvunja kanuni nyingine lakini hakusema uongo wa kudanganya. Kinachobaki ni kunyamaza, kukataa kujibu, kuhamisha mazungumzo. Nani kasema ukiulizwa lazima ujibu?

Mahayana, tawi jingine kubwa la Ubuddha, wamefungua mlango, tena mwembamba. Kisa chao ni cha nahodha aliyejua kwamba ndani ya jahazi yumo mwizi atakayewaua wafanyabiashara 500. Akiwaambia, watamuua mwizi nao waingie motoni. Akamuua yeye, akiwa tayari kuibeba jehanamu peke yake na akimhurumia yule mwizi pia. Anayekinukuu kisa hiki kuhalalisha kuua, muulize gharama kamwachia nani.

Na usiwape kikundi jibu kwamba "Ubuddha ni Aristotle wa Asia". Damien Keown, msomi wa maadili ya Kibuddha, alitetea ukaribu huo mwaka 1992 na hoja zake ni nzito, lakini wengine wanaona mizani ya kupunguza mateso ya viumbe vyote inafanana zaidi na falsafa zinazopima matokeo.

---

Msomi_wa_Jioni

Kwa saa moja na nusu ya kikao, nianzie wapi?

---

Embe_Bivu

Acha nadharia. Andika ubaoni masharti manne ya uongo, uwape kesi tatu wazipime wenyewe: muuza nguo anayesema "imebaki hii moja" na stoo imejaa, mgeni anayesifu chakula kisichomnogea, na fundi anayeahidi "kesho asubuhi" akijua kabisa haiwezekani. Hiyo ya tatu watabishana muda mrefu, maana kuna watakaodai kila mteja anajua kesho ya fundi si kesho, kwa hiyo hakuna aliyedanganyika. Hapo warudishe kwenye sharti la pili: fundi alipotamka, alitaka mteja aamini nini?

Rahula na kata yake waje baada ya hapo. Beba kata ya kweli, na maji.